Chuma cha Kitanda Kilichojifunza Kutembea

Paukwa!

Pakawa!

Vizuri. Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina chuma. Chuma cha kitanda kikuukuu. Msicheke kwanza. Chuma hiki kina maneno yake, nanyi mtayasikia.

Palikuwa na kitanda cha chuma jijini Dar es Salaam, kitanda cha bweni, cha juu na chini. Kililaza watoto wa shule mwaka hadi mwaka. Wavu wake ukakatika, ngazi yake ikang'oka. Mwisho kikauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kikatupwa juu ya lundo pamoja na majembe yaliyovunjika, rimu za baiskeli na vipande vya mabati.

Pale juu ya lundo, ubavu mmoja wa kitanda ulikuwa ukilalamika. Tumwite Chuma cha Kitanda.

"Mimi kazi yangu ni kulaza watu," alisema. "Sijui kingine. Kitanda kikifa, ubavu wake una kazi gani tena? Nitayeyushwa tu."

Basi akaja fundi, tepu ya kupimia mkononi. Nyuma yake akaja mama mmoja muuza machungwa, juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu.

"Mjomba, mtu mzima anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu?"

Swali zuri! Aulizaye ataka kujua, na anayetaka kujua ni mpwa wangu wa kweli. Sikiliza. Miguu ya mama huyu haina nguvu za kutembea. Kwa hiyo pedeli za baiskeli yake haziko chini. Ziko juu, mbele ya kifua. Anazizungusha kwa mikono. Cheni inavuta, gurudumu la mbele linazunguka, baiskeli inakwenda. Gurudumu moja mbele, magurudumu mawili nyuma, kiti kati yake. Mikono yake ndiyo injini.

"Nani alibuni kitu kizuri namna hii?"

Wako wengi, lakini mmoja wa mwanzo tunamjua kwa jina. Alikuwa fundi saa huko Ujerumani, katika mji wa Altdorf. Aliitwa Stephan Farffler. Yeye mwenyewe hakuweza kutembea. Mwaka 1655 alijiundia kigari cha magurudumu matatu, akakiendesha kwa kuzungusha mpini kwa mikono. Mnaona? Aliyeijua shida ndiye aliyeitafutia dawa. Na mpaka leo ni hivyo hivyo. Pale Bombolulu, Mombasa, karakana za watu wenye ulemavu zilianza mwaka 1969. Na kule Goma, Kongo, mpakani na mji wa Gisenyi wa Rwanda, wafanyabiashara wenye ulemavu huvusha mizigo mikubwa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Kwa hiyo ukimwona mtu juu ya baiskeli kama hiyo, usimwonee huruma tu. Mwulize biashara inakwendaje.

Sasa turudi kwa mama yetu. Alikuwa akinunua machungwa ya Muheza kwa jumla, anakwenda kuyauza mtaani. Lakini aliyabeba wapi? Mapajani! Mfuko mmoja tu, nao ulimzuia kuzungusha pedeli. Alitaka keria nyuma ya kiti. Keria ya kubeba vikapu viwili, kila kimoja kilo 20. Na alitaka keria ya bei ndogo.

"Usihofu," fundi alisema. "Tutaokota chuma, tutaokota mbao, tutaokota mpira."

Akaanza kuchagua. Kwanza akainua kipande cha nondo. Nondo akavimba kwa fahari.

"Nichukue mimi!" alisema Nondo. "Mimi ninasimamisha maghorofa!"

Fundi akamlaza Nondo juu ya matofali mawili, akamkanyaga katikati. Nondo akabonyea. Kisha akamlaza Chuma cha Kitanda, akamkanyaga vilevile. Hakubonyea.

"Mjomba, kwani Chuma cha Kitanda ni mzito zaidi?"

Kidogo tu. Mita moja ya nondo ya milimita 12 ina karibu gramu 890. Mita moja ya Chuma cha Kitanda, chenye mbavu mbili za milimita 25 na unene wa milimita 3, ina karibu gramu 1,120. Tofauti ni ndogo. Lakini kwa kukataa kupinda, Chuma cha Kitanda humshinda Nondo karibu mara nane.

Mara nane! Kwa nini? Kwa sababu ya umbo. Chuma cha Kitanda kimekunjwa kama herufi L. Jaribu mwenyewe sasa hivi. Chukua karatasi, ishike kwa ncha moja. Inalegea. Ikunje katikati iwe na pembe. Inasimama! Karatasi ni ile ile, uzito ni ule ule. Umbo ndilo limebadilika. Nondo si mbaya, wapwa zangu. Ndani ya zege anafanya kazi yake vizuri sana. Hapa tu si mahali pake.

"Kumbe!" alisema Chuma cha Kitanda. "Nguvu ninazo, nilikuwa sijui."

Fundi akamchukua yeye na ndugu zake, mita 4 kwa jumla. Keria nzima ingekuwa na chuma cha kilo 4 na nusu hivi. Si mzigo mkubwa kwa mikono ya mama.

Lakini kuna vitu ambavyo fundi alivipita bila kuvigusa. Alilipita pipa lililowahi kuwa na mafuta, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka moto wa kuchomelea ukilifikia. Alilipita bomba la maji lenye ngozi ya fedha, maana ngozi hiyo ni zinki, na moshi wake ukichomelewa humwumiza mtu. Kuokota si kuchukua kila kitu. Kuokota ni kuchagua.

"Sasa tuiweke keria nyuma, kazi iishe!"

Taratibu, mpwa wangu, taratibu. Nyuma wapi? Hapo ndipo penye siri yote. Nendeni jikoni kwa bibi, mkatazame mafiga.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mawili je? Hayainjiki pia. Matatu ndiyo. Na mafiga matatu hayachezi, hata ardhi ikiwa na vishimo. Magurudumu matatu nayo hayachezi. Yote matatu hugusa chini, barabara iwe nzuri au mbovu.

Sasa, bibi anakiweka wapi chungu? Katikati ya mafiga. Akikisukuma nje, chungu kitapinduka, mchuzi wote majivuni, na leo hatuli. Basi shikeni hivi: magurudumu ndiyo mafiga, mzigo ndio chungu.

Fundi alichora chini kwa kijiti. Nukta moja mbele, nukta mbili nyuma. Akaziunganisha kwa mistari. Ikatokea pembetatu. Nyuma pana, mbele nyembamba.

"Uzito wote ukae ndani ya hii," alisema. "Wa mama na wa machungwa. Shikeni maneno matatu: chini, katikati, karibu na ekseli."

Semeni nami: chini, katikati, karibu na ekseli!

"Kwa nini chini, Mjomba?"

Kwa sababu chungu kirefu hupinduka upesi kuliko kifupi. Mzigo ukiwa juu sana, kona kidogo tu, baiskeli inalala ubavu.

"Kwa nini katikati?"

Kwa sababu kikapu kimoja kikiwa kulia na kushoto hakuna kitu, gurudumu la kulia linaelemewa, na la kushoto linataka kuruka.

"Na kwa nini karibu na ekseli?"

Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote. Ekseli ni kile chuma kinachoshika magurudumu mawili ya nyuma. Mzigo ukikaa nyuma yake, unainua gurudumu la mbele. Kwa kiasi gani? Tupige hesabu. Kutoka ekseli hadi gurudumu la mbele la baiskeli ya mama ni sentimita 120. Mzigo ni kilo 40. Ukikaa sentimita 60 nyuma ya ekseli, zidisha 40 kwa 60, gawanya kwa 120. Unapata 20. Yaani gurudumu la mbele limepokonywa kilo 20 za uzito wake! Ukikaa sentimita 15 tu nyuma ya ekseli, limepokonywa kilo 5. Mzigo ni ule ule. Mahali ndipo pamebadilika.

Na kumbukeni, cheni ya mama huyu inavuta gurudumu la mbele. Gurudumu hilo likiwa jepesi, litateleza. Likiteleza, halivuti. Likinyanyuka, haligeuki unakotaka. Mama atazungusha mikono, na baiskeli haitamsikia.

Kwa hiyo fundi alitengeneza fremu fupi, upana sentimita 50, urefu sentimita 40. Akaisukuma mpaka karibu na mgongo wa kiti. Chini, katikati, karibu na ekseli.

Chuma cha Kitanda akakatwa kwa msumeno. Hakulia sana. Pembe zake zikapigwa tupa ili zisimkate mtu. Kisha akachomelewa. Nanyi, cheche zikianza kuruka, kaeni mbali, na msiutazame ule mwanga mweupe. Huchoma macho hata kama husikii maumivu papo hapo. Kuchomelea ni kazi ya mtu mzima mwenye kinga usoni.

Fremu ilipowekwa miguu minne, fundi aliisukuma kwa kiganja. Ikayumba. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto.

"Nimechoka hata kabla ya kazi," alinong'ona Chuma cha Kitanda.

Fundi akaongeza vipande viwili tu, vya kulala mshazari, kimoja kila upande. Akasukuma tena. Kimya. Haikuyumba.

"Vipande viwili vimefanya nini, Mjomba?"

Vimetengeneza pembetatu. Chukua njiti nne za ufagio, zifunge kwa uzi ziwe mraba. Sukuma pembe moja. Mraba unalala. Sasa chukua njiti tatu, zifunge ziwe pembetatu. Sukuma. Inakataa! Haiwezi kubadilika mpaka njiti ivunjike. Ndiyo maana mkitazama paa la nyumba, au daraja la chuma, au mnara wa simu, mtaona pembetatu juu ya pembetatu. Kesho mkienda shule, zihesabuni.

Miguu ya keria haikuchomelewa kwenye baiskeli. Wala fundi hakutoboa mabomba ya baiskeli. Mabomba yale ni membamba. Tundu huyadhoofisha, na moto huyadhoofisha. Alitengeneza vibanio vya bati nene, akavikumbatisha kwenye bomba, akavikaza kwa bolti na nati. Kati ya kibanio na bomba aliweka kipande cha mpira wa tyubu ili kibanio kisiteleze.

Na bolti hizi na nati hizi, je, aliziokota?

Hapana! Hizi alinunua mpya. Alinunua zile nati zenye ukosi wa plastiki ndani, zisizolegea barabara ikitikisa. Okota chuma, okota mbao, okota mpira, lakini nati nunua mpya. Nati ni kitu kidogo cha bei ndogo, nayo ndiyo inayoshika vyote.

Kisha ikaja sakafu ya keria. Fundi alipata mbao za paleti, zile zinazokaliwa na mizigo ndani ya makontena. Lakini kabla ya kuzigusa alitafuta muhuri. Paleti zinazovuka nchi hupigwa muhuri wenye herufi. Zikiwa HT, maana yake mbao zilipashwa joto mpaka ndani kabisa, nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Hizo ni salama. Zikiwa MB, zilifukizwa kwa dawa yenye sumu. Hizo hatuzichukui, wala hatuzifanyi kuni. Machungwa ni chakula, na chakula hakikai juu ya sumu.

Mbao zikapigwa msasa. Zikafungwa kwa bolti, na kati ya ubao na ubao pakaachwa nafasi ya kidole ili maji ya mvua yapite na uzito upungue.

Sasa akaongea Mpira wa Tyubu. Alikuwa amelala pembeni, tyubu ya gurudumu lililokufa.

"Mimi nina viraka saba," alisema kwa haya. "Siwezi tena kushika upepo."

"Upepo huwezi," fundi alimjibu, "lakini machungwa utayashika."

Akamkata kwa mkasi vipande virefu, upana wa vidole viwili. Mpira una tabia nzuri: ukiuvuta, unataka kurudi. Kamba ya katani ikilegea, imelegea. Mpira huendelea kuvuta hata vikapu vikishuka kidogo kwa mtikiso. Lakini jua huuchosha. Ukiona nyufa ndogo, badilisha. Usisubiri ukatike barabarani.

"Nikipakwa rangi nitapendeza," alisema Chuma cha Kitanda.

Utapendeza, ndiyo. Lakini rangi si ya urembo tu. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu, na hewa ya chumvi ya pwani huharakisha. Fundi alisugua kutu yote kwa brashi ya waya. Akapaka rangi ya kuzuia kutu kwanza, akasubiri ikauke. Kisha akapaka ya kijani, maana mama alitaka kijani. Nyuma akafunga kiakisi mwanga chekundu, chini ya sakafu ya keria, ili vikapu visikifiche. Gari likija usiku, dereva akione.

"Kazi imekwisha, Mjomba?"

Bado. Kitu kisichojaribiwa hakijakwisha. Fundi alichukua madumu ya lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo hata bila mizani, dumu lililojaa ni kilo 20 za maji. Akavuta uzi chini ya fremu, kutoka ncha hadi ncha, ili aone kama chuma kitabonyea. Msaidizi akashika usukani. Dumu la kwanza. Uzi na fremu vikabaki sambamba. Dumu la pili, kilo 40, mzigo wa kila siku. Sambamba. Kisha akaongeza la tatu, kilo 60.

"Kwa nini la tatu, kama mama atabeba kilo 40 tu?"

Kwa sababu barabara ina mashimo. Gurudumu likianguka shimoni, mzigo hugonga keria kwa nguvu kuliko uzito wake. Fundi mwema huipa kazi akiba ya nguvu. Wakaisukuma baiskeli juu ya mawe, juu ya mtaro, ikarudi. Hakuna nati iliyolegea.

"Natembea!" alipiga kelele Chuma cha Kitanda. "Jamani, natembea!"

Ndipo mama akapanda. Akageuka, akanyoosha mkono nyuma kuchukua chungwa. Mkono haukufika.

"Fundi," alisema, "keria ni nzuri, lakini iko mbali na mkono wangu. Mteja akitaka chungwa, nitashuka kila mara? Na magongo yangu yatakaa wapi?"

Mnakumbuka miguu ya keria ilifungwa kwa nati? Fundi alichukua spana. Akalegeza vibanio, akaisogeza keria mbele na kuishusha kidogo, akakaza tena. Dakika chache tu. Kilichofungwa kwa nati hufunguka. Kingechomelewa, kingelazimika kukatwa. Kisha akachukua kipande cha bomba la plastiki, akakifunga wima ubavuni mwa keria. Magongo yakaingia humo, karibu na mkono wa mwenyewe.

Na tazameni ajabu hii. Keria iliposogea mbele na kushuka chini, ilikuwa karibu zaidi na ekseli, na chini zaidi. Alichotaka mama kwa ajili ya mkono wake ndicho baiskeli ilichotaka kwa ajili ya magurudumu yake.

Siku ya kwanza mama alikwenda polepole. Mzigo ukiongezeka, breki huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimamisha, na kona huhitaji mwendo mdogo. Akazoea. Vikapu viwili nyuma, mikono huru mbele, mapaja yamepumzika.

Basi, wapwa zangu, mkitaka kumtengenezea mtu keria, mkae naye kwanza, mumwulize mkono wake unafika wapi. Mtafute chuma chenye pembe, mbao yenye muhuri wa HT, mpira usio na nyufa. Mwacheni mtu mzima akate na achomelee. Nanyi mtabaki na kazi yenu, nayo ni kubwa: kila Jumamosi, spana mkononi, kagua nati zote moja moja. Iliyolegea, kaza. Na kila vikapu vinapopakiwa, mwenye sauti kubwa kuliko wote aseme yale maneno matatu.

Yapi?

Naam! Chini, katikati, karibu na ekseli. Hongereni sana.